Jino moja, bei tatu: sherti faktire ya daktari wa meno iseme kazi iliyofanywa

Katika miji yetu ya mashariki, iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, mtu anayetoka kung'olewa jino anarudi nyumbani na vitu vitatu: pamba mdomoni, kifuko cha vidonge, na karatasi ndogo iliyoandikwa «soins dentaires». Chini ya maneno hayo mawili kuna jumla ya makuta na muhuri. Ni jino gani limetoka? Haikuandikwa. Lilitoka kwa koleo tu ao kwa kupasua ufizi na kukata mfupa? Haikuandikwa pia. Sindano, radio na dawa, vyote vimeingizwa ndani ya namba ile moja.

Maoni yangu ni haya: karatasi ya namna hiyo si faktire. Na kadiri tunavyoendelea kuipokea bila kuuliza kitu, wachache wasio waaminifu wataendelea kutuibia, wengi walio waaminifu tutaendelea kuwashuku bure, na hakuna mutueli ya afya wala mwajiri atakayekubali kulipa kitu asichokijua.

Kazi tofauti, jina moja

Wengi wetu tunasema «kung'oa jino» kama vile ni kazi moja. Daktari anajua kwamba si moja.

Kuna jino lililosimama vizuri, linaonekana, ambalo daktari analilegeza kisha analishika kwa koleo na linatoka. Baada ya sindano ya ganzi kushika, hiyo ni kazi ya dakika chache. Kuna jino lililooza mpaka kichwa chake kikavunjika, mizizi ikabaki ndani ya ufizi. Na kuna jino la hekima, lile la mwisho kabisa, ambalo mara nyingine linalala upande ndani ya taya na kukosa nafasi ya kutoka. Kwa hilo sherti daktari apasue ufizi, akate mfupa kidogo kwa mashine, pengine agawe jino vipande viwili ao vitatu, atoe kipande kwa kipande, asafishe shimo, ashone. Inaweza kuchukua saa nzima. Tena inaomba radio kwanza, kwa sababu ndani ya taya la chini, karibu na mizizi ya meno ya nyuma, unapita mshipa wa fahamu unaofikia mdomo na kidevu. Ukiumizwa, mtu anaweza kubaki na ganzi mdomoni kwa miezi, na wengine kwa maisha yao yote.

Ni haki kazi hii ya upasuaji ilipwe zaidi ya ile ya koleo. Hakuna mtu mwenye akili anayekataa hilo. Shida ni kwamba, kwenye karatasi, kazi zote mbili zinaitwa jina moja. Hapo mlango unafunguka pande mbili. Mwenye tamaa anaweza kufanya kazi ndogo akalipisha kubwa. Na mwenye haki, aliyetoka jasho kwa saa nzima juu ya jino lililolala, anaonekana mwizi mbele ya mgonjwa ambaye jirani yake alilipa nusu ya bei kwa «jino» vilevile.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu fulani. Mama anayeuza makala huko Birere anaambiwa mlangoni kwamba kung'oa ni dola 10. Anaingia, anachomwa sindano, kazi inakwisha. Kwenye meza ya malipo anaombwa dola 35. Anauliza sababu. Anajibiwa: «Mama, jino lako lilikuwa gumu.» Pengine ni kweli. Mizizi inaweza kuwa imepinda kama ndoana, na hakuna anayeiona kwa macho kutoka nje. Pengine si kweli. Karatasi aliyopewa haimsaidii kujua, wala haimsaidii daktari kujitetea. Mama analipa deni kwa wiki tatu. Siku nyingine jino likimuuma, hataenda tena kliniki. Ataenda kwa yule anayeng'oa sokoni, mwenye koleo moja kwa watu wote, bila kuchemsha vyombo, bila radio, bila kuuliza kama mtu ana shinikizo la damu ao ugonjwa wa sukari. Bei ya yule inajulikana kabla ya kukaa kwenye kiti. Kuoza kwa taya, hepatiti B, virusi vya SIDA, hayo hayaandikwi kwenye bei yake.

Kwa hiyo bei isiyoeleweka inaharibu zaidi ya mfuko wa mtu. Inamfukuza mgonjwa kutoka mahali salama. Na jino lenye usaha halingoji. Usaha wa jino la chini ukishuka chini ya ulimi na kuingia shingoni, unaweza kumfungia mtu njia ya kupumua na kumuua kwa siku chache tu.

Wengine wanafanyaje?

Mambo haya si mapya duniani. Nchini Marekani, chama cha madaktari wa meno kimeweka orodha ambamo kila tendo lina alama yake ya herufi moja na namba nne. Kung'oa jino linaloonekana, kwa koleo, ni D7140. Kung'oa jino ambalo limeomba kukata mfupa ao kugawa jino ni D7210. Jino lililofunikwa na ufizi peke yake lina alama yake, D7220. Lililofunikwa na mfupa nusu ni D7230. Lililofunikwa na mfupa kabisa ni D7240. Kupasua jipu la ndani ya kinywa ni D7510. Kila alama ina maelezo yanayosema kilicho ndani yake. Katika maelezo ya D7140 mnasemwa kwamba kushona, kama kumehitajika, kumo ndani ya bei hiyohiyo. Maana yake daktari hana ruhusa ya kulipisha jino, halafu kulipisha uzi pembeni kama vile ni kazi nyingine.

Ufaransa madaktari wa meno wanatumia, tangu 2014, orodha ya matendo ambayo kila tendo lina herufi nne na namba tatu. Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, kila tendo lina alama ya tarakimu sita. Mgonjwa hazijui kwa kichwa, lakini bima yake inazijua, na siku ya kubishana kuna kitu cha kushika mkononi.

Tusidanganyane, alama hazimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Marekani kwenyewe kuna madaktari wanaofikishwa mahakamani kwa sababu waliandika upasuaji mahali walipong'oa kwa koleo, ao waligawa kazi moja vipande vinne ili kulipisha mara nne. Lakini angalieni vizuri: wanashikwa kwa sababu waliandika. Radio ya jino inawekwa pembeni ya alama, mtu mwingine wa kazi anaangalia, uongo unatoka nje. Kwetu, mwenye kuandika «soins dentaires» hawezi kushikwa kwa uongo, kwa kuwa hakusema kitu.

Namba ya jino haiombi makuta

Jambo la kwanza la kuandika lipo tayari, na madaktari wetu wote walifundishwa shuleni. Ni namba ya jino. Mtu mzima ana meno 32, na kila jino lina namba ya tarakimu mbili inayotambulika duniani. Tarakimu ya kwanza inasema upande: 1 ni juu kuume, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kuume, kufuatana na kuume na kushoto kwa mgonjwa mwenyewe. Tarakimu ya pili inahesabu kutoka katikati kwenda nyuma, 1 mpaka 8. Jino la hekima la chini kushoto ni 38. La chini kuume ni 48. Meno ya utoto ni 20, na pande zake zinaanzia 5 mpaka 8.

Kuandika «48» kunachukua sekunde mbili. Lakini fikirini faida yake. Mtu aliyekimbia vita kutoka Rutshuru akafika Goma, kisha akaenda Bukavu, hana dosie yoyote mkononi zaidi ya karatasi iliyobaki mfukoni. Daktari mpya akisoma «48, upasuaji, nyuzi tatu», anajua kilichofanywa, anajua nyuzi za kutafuta, anajua mahali pa kuangalia kama maumivu yanarudi. Akisoma «soins dentaires», anaanza upya, na mgonjwa analipa radio upya. Tena, siku ambayo jino zima limeng'olewa na bovu likaachwa, namba iliyoandikwa kabla ya kazi ndiyo shahidi.

Ni vilevile kwa ajali za pikipiki, ambazo katika miji yetu zinavunja mataya kila siku. Mtu aliyevunjwa taya na kufungwa meno kwa waya anapotafuta fidia kwa mwenye gari ao kwa bima, wanamwomba karatasi. Karatasi inayosema «taya la chini, upande wa kushoto, kufunga kwa waya, radio mbili» ina nguvu. Ile ya maneno mawili inarudishwa.

Nani atalipa kitu asichokijua?

Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kugharamia matunzo ya mfanyakazi na jamaa yake, na matunzo ya meno yametajwa humo. Wafanyakazi wangapi wanajua hilo? Na kati ya wanaojua, wangapi wamerudishwa na mtu wa makuta kwa sababu faktire haielezi? Mhasibu hana kosa kamili hapo. Akiona dola 60 za «soins dentaires», hawezi kujua kama ni jino lililouma ao jino la dhahabu la kujipamba.

Mutueli za afya zina sheria yao tangu Februari 2017. Sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 imeweka lengo la kila Mkongomani kupata matunzo bila kufilisika. Septemba 2023 mpango huo ulianza Kinshasa kwa uzazi bila malipo. Meno yatafika lini kwenye orodha? Shirika la afya duniani, OMS, lilisema mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanagusa karibu watu miliari 3,5, na Mei 2021 mataifa yalikubaliana kwamba afya ya kinywa iingizwe katika mipango ya afya kwa wote. Maneno ni mazuri. Lakini mfuko wowote, wa serikali ao wa mutueli, unalipa tendo lenye jina na bei inayojulikana. Mahali ambapo tendo halina jina, mfuko unafunga, maana unaogopa kutobolewa. Tukitaka siku moja jino la mwalimu wa Kalehe ao la askari wa Beni lilipwe na mfuko wa pamoja, sherti tuanze leo kuliita kwa jina lake.

Majibu kwa wanaokataa

Najua yatakayosemwa.

Wa kwanza watasema: «Hatuwezi kujua bei kabla ya kuanza, jino linaonekana gumu ukiwa ndani.» Ni kweli kwa baadhi ya meno. Basi daktari aseme bei mbili kabla ya sindano: «Likitoka kwa koleo ni kiasi hiki, likiomba kupasua ni kiasi hiki, na haitapita hapo.» Mgonjwa anakubali ao anaenda kutafuta makuta akiwa bado anaweza kusema. Kumwambia mtu bei mpya akiwa na ganzi mdomoni, damu inatoka, si mapatano.

Wa pili watasema: «Wagonjwa wetu wengi hawasomi.» Ndiyo maana inaandikwa. Mama asiyesoma ana mtoto anayesoma, ana mwenzake wa kikundi cha likelemba, ana katibu wa mutueli. Mtu asiyesoma ndiye anayehitaji karatasi iliyo wazi kuliko wote, kwani ndiye wa kwanza kudanganywa.

Wa tatu, na hawa nawasikiliza kwa heshima, watasema: «Serikali haitulipi. Sindano za ganzi, sindano za kushona, glavu, mafuta ya jenereta, vyote tunanunua kwa dola, na mwaka 2025, wakati banki zilifungwa Goma na Bukavu, tuliteseka kama watu wote.» Ni ukweli mtupu. Lakini hiyo ni sababu ya kuandika zaidi. Daktari anayeandika «sindano za ganzi 3, radio 1, nyuzi» anamwonyesha mgonjwa makuta yalikokwenda. Mgonjwa anayeona hesabu anabishana kidogo. Anayeona jumla tupu anadhani yote imeingia mfukoni mwa daktari.

Mambo matano ya kuanza nayo

Hatuhitaji kompyuta. Hatuhitaji kununua orodha ya Marekani wala ya Ufaransa. Karatasi moja inatosha, na inaweza kuanza katika zoni moja ya afya.

Kwanza, Divizioni ya afya ya jimbo iite madaktari wa meno wa serikali, wa makanisa na wa binafsi, waketi siku mbili, watoke na orodha fupi ya matendo ya kinywa. Kumi na mawili yanatosha kwa mwanzo: kuangalia kinywa, radio, kung'oa jino la utoto, kung'oa kwa koleo, kutoa mzizi uliobaki, kung'oa kwa upasuaji, jino la hekima lililofunikwa na ufizi, jino la hekima lililofunikwa na mfupa, kupasua jipu, kutunza shimo linalouma siku chache baada ya kung'oa, kushona jeraha la kinywa, kufunga taya lililovunjika. Kila moja ipewe alama fupi, tuseme K1 mpaka K12, na sentensi moja inayosema kilicho ndani. Hapo ndipo itaandikwa wazi kwamba ganzi, kushona na kutoa nyuzi vimo ndani ya bei ya kazi yenyewe, ao havimo. Yoyote watakayochagua, iwe moja kwa wote.

Pili, bei za matendo hayo zibandikwe ukutani, mahali wagonjwa wanapongojea, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa franga na kwa dola, pamoja na kiwango cha kubadilisha cha siku. Kila kliniki inaweza kuwa na bei yake. Ninachoomba ni kwamba bei ionekane kabla.

Tatu, faktire iwe na mistari: namba ya jino, alama na jina la tendo, idadi, bei, dawa mbali na kazi, jina la aliyefanya kazi, tarehe, muhuri. Kopi moja ibaki kliniki.

Nne, kila tendo la upasuaji liwe na sababu yake kwenye dosie, mstari mmoja tu: «mizizi imepinda», «mfupa umekatwa», «jino limegawanywa». Kama radio ilipigwa, mgonjwa apewe ao aonyeshwe. Yeye ndiye aliyeilipa.

Tano, mutueli, mashirika na waajiri watangaze kwamba kuanzia tarehe fulani hawatapokea tena karatasi ya maneno mawili. Hilo peke yake litafanya kazi kuliko mikutano kumi, kwani kliniki inafuata anayelipa.

Na sisi wagonjwa? Tuna sehemu yetu. Kabla ya kufungua kinywa, tuulize: «Daktari, ni jino namba ngapi? Ni kwa koleo ao kwa upasuaji? Bei ni ngapi, na ndani yake kuna nini?» Kuuliza hivyo si kumkosea mtu heshima. Tunamwuliza fundi wa gari kipande gani amebadilisha, tena tunadai kile cha zamani mkononi. Tunamwuliza muuza mbao ni mbao ngapi na za urefu gani. Kwa kinywa chetu tunanyamaza, tunalipa, tunatoka na pamba.

Madaktari wa meno wa mashariki ni wachache na wanafanya kazi katika hali ngumu. Wengi wao wanatengeneza mataya yaliyovunjwa na risasi na ajali kwa vyombo ambavyo wenzao wa ng'ambo wangekataa kugusa. Wanastahili kulipwa kwa kila kazi waliyofanya. Ndiyo maana wao wenyewe wangekuwa wa kwanza kuandika kazi hiyo. Kliniki inayotaka kuanza haina haja ya kungoja Kinshasa wala gavana: kitabu cha faktire kinachapishwa mjini kwa makuta machache, na mistari nane inaingia vizuri kwenye nusu ya karatasi.